Fungu la Usingizi

Jamani ee, nyie mnaochambua karafuu na nyie mliokuja kula mihogo ya watu kwa kisingizio cha kuchambua, nipeni masikio. Mikono isisimame. Karafuu huku, vijiti vya makonyo kule, masikio kwangu. Weye uliyekaa mlangoni sogea, unanizibia upepo, na mie upepo ndio uliobaki kunisukuma.

Nimechoka, hilo mlijue kwanza. Mie nilizaliwa nimechoka. Mkunga aliponipiga kofi la makalio ili nilie, nilipiga mwayo. Lakini uchovu wa kuzaliwa nao si kitu. Ule wa miaka ya siasa, kabla ya Mapinduzi, mama yangu alipokuwa halali, ule ulikuwa uchovu wenye mwili na kivuli. Nikikaa unakaa, nikinyanyuka unataka niushike mkono.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa makumbi. Nyie wa siku hizi mnaziona kamba tu, hamjui zinakotoka. Makumbi ya nazi hufukiwa matopeni pwani, yakakaa humo mpaka yaoze na kunuka, kisha wanawake wakaingia majini kuyafukua, wakayapiga kwa mti mpaka yatoe usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Mama aliingia tope lile yungali mwari, akatoka ana mvi. Na mwenziwe alikuwa jirani yetu, wao wawili wakiitana somo. Somo huku, somo kule. Hata wakigombana: "Somo, ulaaniwe." "Nawe vilevile, somo wangu." Wamefukua pamoja, wamepiga pamoja, na baridi ya tope ikawaingia mifupani pamoja. Magoti yakavimba kama mafenesi, vidole vikapinda kama mizizi ya mkoko.

Mchana maumivu yalikuwa yakivumilika. Jua likizama, basi. Mama halali, na mama asipolala nani wa kulala? Nimgeuze kushoto, nimgeuze kulia, nimkande kwa mchanga wa moto, nimpake mafuta ya karafuu. Alfajiri ndiyo hiyo, na mimi natakiwa shambani kwa watu nipande mkarafuu. Wallahi nilianguka kutoka mkarafuu mrefu kuliko minara yote ya Pemba, na kabla sijafika chini nikaota ndoto nzima, yenye mwanzo na mwisho. Nilimwamkia ng'ombe wa watu njiani nikasimama nangoja aitikie. Mke wangu alisema anakwenda kwao Chokocho alale kidogo, atarudi. Mpaka leo hajaamka.

Basi tukiwa katika hali hiyo, kijijini kwetu Wingwi akatushukia Mzungu, daktari, kwa lori la kubebea makonyo. Njia zetu mnazijua. Alipanda lori mrefu akashuka mfupi. Alikuja na dresa wa spitali, mfunga vidonda, kijana wa Unguja mwenye suruali ya pasi, ndiye mkalimani wake. Tukakusanywa sote wenye maradhi ya mifupa, na sisi tuliowabeba wenye maradhi ya mifupa, mama mgongoni kwangu, na jirani, niliyezoea kumwita somo mtu, kwenye kitanda cha kamba alizozisokota mwenyewe.

Dresa akasema: "Wazee wangu, na nyie mabibi, daktari huyu ametoka kwao kutafuta jambo moja. Anataka kujua kama bangi inatuliza maumivu."

Watu wakatazamana. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa mbuzi, nyonga zimemkamata anatembea kama kaa. Akanyanyua fimbo.

"Bangi ipi?"

"Bangi hii hii, mzee."

"Mie yangu niliipanda nyuma ya banda, miche midogo tu, dawa ya mbuzi wakivimbiwa. Askari wakaing'oa, na mie wakaning'oa pamoja nayo, nikalala mahabusu Wete. Hebu muulize daktari, ile yangu ilikuwa na kasoro gani?"

"Ile yako ilikuwa kosa, mzee. Hii ni ya utafiti."

"Tofauti yake nini?"

Dresa akafikiri, akasema: "Hii ina kijiko."

Akatuonesha chupa. Ndani maji meusi mazito. Akasema humo hamna ulevi wa pombe hata tone, na chupa ni namna mbili. Nyingine zimefungwa uzi mweupe shingoni, nyingine uzi mweusi. Namna moja ni dawa kweli. Namna ya pili ni maji, yametiwa sukari ya kuungua na shubiri, yafanane rangi na uchungu. Kila mgonjwa atapata chupa yake, lakini ipi dawa ipi maji hajui mtu. Mgonjwa hajui, dresa hajui, hata daktari mwenyewe hajui. Anayejua ni mmoja tu, yule aliyezijaza huko Unguja.

Hapo watu wakacheka kweli. Somo mtu, juu ya kitanda chake cha kamba, akasema: "Dresa mwanangu, mganga hajui amempa nini mgonjwa? Hata mpishi wa harusi, na moshi ule wote, anajua chungu gani amekitia chumvi."

"Ndiyo maana yake, bibi. Daktari akijua nani amekunywa dawa, atamwangalia kwa jicho la kupenda, atamwona amepona na kumbe bado. Na mgonjwa naye akijua ana dawa, atajiona mzima kwa furaha tu. Kwa hivyo wote wamefungwa macho, ukweli ujitokeze peke yake."

Mama alikuwa mgongoni kwangu muda wote ule, na kidevu chake kimekaa begani mwangu. Akasema, "Kumbe ni kama kugawa samaki."

Nyie wa pwani mnajua. Samaki wa shirika hawagawiwi kwa kuchaguana. Hupangwa mafungu chini, mmoja akayapa mgongo asiyaone, mwengine akanyooshea fungu kidole: hili la nani? Yule aliyegeuka hutaja jina. La fulani. Hakuna upendeleo wala manung'uniko, wamechaguliwa na mgongo.

"Hasa, bibi," dresa akafurahi. "Umefahamu kuliko wengi. Ni kama kugawa samaki."

"Lakini anayegawa samaki," mama akasema, "kwanza huyalinganisha mafungu."

Dresa akacheka, akaingia kuandika watu. Angelisimama hapo akalijibu neno lile, mie leo ningekuwa mtu mwengine, mrefu kidogo na mwenye mke.

Mama hakuinywa siku ile. Alisema kwanza niende nikamuulizie kwa shehe wa msikiti wetu, maana kaburi ni lake, si la daktari. Nikarudi na jibu: ikiwa ni dawa, na ni dharura, na tabibu ndiye aliyeipima, basi anywe kwa kiasi, ila asiinywe kwa kustarehe. Mama akanitazama na magoti yake yale, akasema, "Kamwambie shehe, kwa maumivu haya hata nikitaka kustarehe sijui nianzie wapi." Akasema Bismillahi, akafumba macho, akanywa. Chupa yake ilikuwa ya uzi mweusi.

Kesho yake niliamka jua liko juu ya kisima. Nimelala? Mimi? Nyumba kimya. Hakuna aliyeniita nimgeuze. Nikajua mama amekufa. Nikakaa pale pale kwenye mkeka nafikiri sanda nitaipata duka gani, maana siku zile maduka nayo yalikuwa na vyama, wa chama hiki hauziwi na wa chama kile. Nimefika katika kuchagua wachimba kaburi, maiti akakoroma.

Mama alikuwa amelala. Amelala, jamani, mdomo wazi, uso umelegea, na vidole vile vilivyopinda vimefunguka juu ya tumbo kama mtu anayengoja kupewa kitu. Nilimtazama nikaona haya kumtazama. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu alikuwa mwanamke mzuri.

Basi nikarudi mkekani nikalala na mie. Nililala usingizi wa deni la mwaka. Kuku alipanda kifuani kwangu akataga, akaatamia, na nilipoamka vifaranga walikuwa wananiita baba. Asiyeamini akaulize, kuku mwenyewe amekufa lakini wajukuu zake wapo.

Tukaendelea hivyo. Jioni kijiko, kisha usingizi. Mimi nikaanza kupata rangi. Nikapanda mkarafuu nikashuka kwa miguu.

Na kwa somo mtu? Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mgomba, akipiga chafya sisi ndio tunamwambia yarhamukallah. Yeye alipata uzi mweupe. Na usingizi hakupata. Mimi nalala, lakini kila nikigeuka nausikia mguno wake, mrefu, kama mlango wa mbao mbichi. Asubuhi nikampelekea chai nikamuuliza, "Bibi, umeamkaje?"

"Mwanangu, sikulala, kwa hivyo sikuamka. Miguu yangu imekwenda mbali. Naiona kule, naona kama iko Makangale, lakini ikiuma inaniuma hapa hapa."

Na alikuwa akila. Chungu cha mihogo ya nyumba nzima alikikomba akauliza kama kuna chengine. Siku moja nilimkuta anamtazama mbuzi na machozi ya kicheko yanamtoka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Ndevu. Mwanamke mzima ana ndevu." Sisi tukasema masikini, kukosa usingizi kumempanda kichwani. Hakuna aliyefikiri jambo jengine. Dawa tulikuwa tunajua aliyenayo ni nani: ni yule anayekoroma.

Wagonjwa wengine kila mmoja na lake, mwenye uzi mweupe analala na mwenye uzi mweusi analala, mwengine halali. Lakini mji mzima ulimtazama mama. Nani ataangalia wa katikati na huku mmoja anakoroma mpaka makuti yanapepea?

Siku moja natoka shambani namkuta mama amekaa kitako, mwenyewe, hakukalishwa na mtu. Badala ya kufurahi, amenuna.

"Somo anaugua," akasema.

"Anaugua, mama. Mungu atampa nafuu."

"Mungu ameshampa. Nafuu yake iko kwenye chupa yangu."

Nikaona jambo baya linakuja, nikalikimbilia kabla halijafika. "Mama, hiyo ni kura. Kila mtu na bahati yake."

"Bahati gani? Nimekaa naye topeni tangu hatujaota maziwa. Kumbi langu lake, lake langu. Siku niliyokuzaa wewe, sehemu yangu ya usumba aliipiga yeye na akaniletea kamba mlangoni. Leo mie nalala yeye anaguna, na mguno wake nausikia ndotoni. Huu si usingizi, mwanangu. Huu ni usingizi wa dhulma."

"Dhulma au si dhulma, mama, ni usingizi," nikamwambia. "Mie nimeuona juzi tu. Hata hatujazoeana."

Akasema polepole, "Umechoka. Najua." Na huo ndio uliokuwa mwisho wa hoja yangu, maana mama akikwambia najua, utasema nini tena?

Daktari na dresa wakati huo walikuwa wamekwenda Makangale na chupa nyengine, wametuachia zetu, wametuagiza mambo mawili: tunywe kila jioni, na uzi usipotee. Mama akaita wagonjwa wote uani kwetu, kila mtu na chupa yake. Akaazima sufuria la khitma, lile la kupikia ng'ombe mzima. Akasema maneno machache. Daktari mtu mwema, lakini ni mgeni, na kugawa kumemshinda: ameyageuzia mgongo mafungu kabla ya kuyalinganisha. Tumsaidie.

Mtu mmoja akasema yeye hawezi kunywa chungu kimoja na watu wa chama kile. Mama akamuuliza, "Goti lako lina kadi ya chama gani?" Akamimina.

Wakamimina wote. Nyeupe, nyeusi, gulugulugulu. Ikasomwa Fatiha. Somo mtu ndiye aliyekoroga kwa upawa, amekaa, na kila akikoroga anacheka. Kisha ikajazwa tena chupa moja moja. Lakini za mwanzo zilikuwa nyepesi na za mwisho zina mashapo ya chini ya sufuria, kwa hivyo ikabidi zigawiwe kwa mgongo, asipendelewe mtu. Na mgongo uliochaguliwa ni wangu. Mama alisema huyu ndiye mwenye tamaa kuliko sote, akigeuka huyu hatalalamika mtu.

Nikageuka, nikatazama ukuta. Nyuma yangu mfugaji wa mbuzi ananyooshea fimbo: "Hii ya nani?" Natamka. "Hii ya nani?" Natamka. Ukuta ule ulikuwa na joto la jua zuri. "Hii ya nani?" Kimya. "Hii ya nani, weye?" Nimelala, jamani, nimesimama wima, paji la uso kwenye udongo.

Nikasikia kama kwa mbali somo mtu anasema, "Mwacheni. Huyu ndiye mgonjwa wetu wa kwanza."

Zilipokwisha kugawiwa, kila mtu akaifunga chupa aliyoipata kwa uzi wake mwenyewe, aliyepewa mweupe mweupe, aliyepewa mweusi mweusi, maana daktari alisema uzi usipotee na sisi si watu wa kupoteza amana ya mtu.

Tangu jioni ile kila kitu kikawa nusu. Mama akawa analala nusu. Nusu ya pili anacheka peke yake, ananiuliza nani amelipandisha paa juu hivi bila ya ruhusa yake. Mie nikajua ni dawa imepungua nguvu, inafanya wazimu wa upungufu. Somo mtu naye akapata usingizi, nusu. Mmoja akinyamaza mwengine anaanza, kama misikiti miwili. Na mie katikati nikarudi kwa mchanga wa moto, nyumba hii na nyumba ile, magoti manne sasa badala ya mawili. Uchovu wangu wa zamani ukarudi, ukavua viatu, ukakaa.

Daktari akaja na lori lake. Akakaa kwenye kiti, dresa pembeni, akaanza kuita mmoja mmoja. Mfugaji wa mbuzi, uzi mweupe.

"Maumivu yakoje, mzee?"

"Nusu."

"Na usingizi?"

"Nusu."

Wa pili, uzi mweusi. Maumivu? Nusu. Usingizi? Nusu. Wa tatu, nusu. Daktari kwanza alikuwa anaandika kwa furaha. Kisha akawa anaandika polepole. Kisha kalamu ikasimama, rangi ikamtoka usoni, na nyie mnajua Mzungu ana rangi kidogo tu ya kutoka. Akamwambia dresa neno. Dresa akageuka, suruali ya pasi imeshaanza kukunjamana.

"Enyi watu, daktari anasema ametembea nchi nyingi hajaona mahali dawa na maji vikafanya kazi sawasawa namna hii. Mnamjibu kweli?"

Mama akajibu alipo. Hakuona kuna la kuficha. "Kweli tupu, mwanangu. Tumegawana."

"Mmegawana nini?"

"Dawa. Tumechanganya kwenye sufuria, tukasoma Fatiha, tukagawa kwa mgongo. Sasa hakuna aliyedhulumiwa. Mwambie atusamehe kwa kuingilia kazi yake, lakini na yeye kugawa hajui."

Dresa hakufasiri mara moja. Alitazama kwanza lori lilipo. Kisha akafasiri.

Nilidhani Mzungu atapiga kelele. Hakupiga. Alinyanyuka kwenye kiti, akaenda akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaweka uso mikononi. Na mie nilipomwona mabega yale nikayajua. Watu wote pale walimwona daktari. Mimi nilimwona mwenzangu. Mtu ambaye amebeba kitu kizito safari ndefu na sasa anaambiwa akirudishe alikokitoa. Nikamvunjia dafu nikampa. Akalishika, hakunywa, akaniambia ahsante kwa Kiswahili, na macho yake mekundu kama yangu.

Akasema, dresa akitufasiria, kwamba hawezi tena kujua lolote. Chupa zote lazima azichukue, hata zenye kitu, maana hajui tena ndani yake mna nini, na kumpa mtu asichokijua si uganga. Mama akamuomba amwachie ile yake, iliyobaki kidogo tu, ya jioni chache. Daktari akatikisa kichwa. Mama akaufungua uzi mweusi shingoni mwa chupa, akampa chupa, uzi akaubakisha. Akaufunga kwenye kidole kile kilichopinda sana.

"Haya," akaniambia tukirudi, kidevu begani. "Ndio unaondoka usingizi wetu."

Niwaambie kabisa, msije mkaniuliza baadaye: mama hakupona. Aliishi misimu kadhaa ya karafuu baada ya pale, mie mchanga wa moto, yeye kidevu begani. Alikufa asubuhi moja baada ya Mapinduzi, na siku hiyo nilikaa kitako nikangoja akorome. Nilingoja sana. Somo mtu alimfuata kabla makonyo ya msimu ule hayajakauka. Wamelala jirani, na ninavyowajua wamegawana hata nafasi. Na mie tangu siku ile nina ruhusa ya kulala usiku kucha, na sijui kulala. Mkono unaamka wenyewe kumgeuza mtu.

Lakini nilikuwa nawaambia habari ya dawa.

Daktari hakuondoka Pemba bila ya kutuaga. Alirudi siku moja mchana, yeye na dresa wake, tukakusanyika mahali pale pale. Dresa akasema daktari amepeleka habari Unguja kwa yule anayejua siri. Maadamu kazi imeharibika, hakuna haja ya kuficha tena, na kila mtu ana haki ya kujua alikunywa nini.

"Uzi mweupe," akasema, "ndio uliokuwa bangi."

Mbuzi akalia, hakuna aliyecheka.

"Na uzi mweusi?" mama akauliza.

"Maji, bibi. Maji, sukari ya kuungua na shubiri."

Mama akautazama uzi kidoleni mwake. Kisha akanitazama mie, na mie sikuwa na uso wa kumtazama nao, nilikuwa nahesabu moyoni vile vifaranga.

Dresa akaharakisha. Akasema daktari anasema tusiwe na haya, jambo hili hutokea hata kwao. Maumivu huweza kupumzika yenyewe, na matumaini nayo yana nguvu yake, ndiyo maana ya kufungana macho. Na mmoja si hoja. Ingelikuwa hatukuchanganya, leo wangewalinganisha wote wa mweupe na wote wa mweusi na ukweli ungejulikana, kama bangi inafaa au haifai. Sasa ukweli umebaki kwenye sufuria la khitma.

Kisha daktari mwenyewe akainama akatoa mkobani chupa moja mpya, haina uzi. Akamwendea somo mtu kwenye kitanda chake cha kamba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiteseka zaidi ya wote, akamwekea mkononi kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Bibi," dresa akafasiri, "daktari anasema pole. Hii anakupa wewe kwa huruma tu, nje ya utafiti. Hii haina siri wala kubahatisha. Hii ni bangi ya kweli, ile ile uliyokuwa ukinywa."

Somo mtu akaigeuza chupa ile juani, akaitazama, akamtazama mama, akamrudishia daktari.

"Mwambie ahsante, bangi yake akampe mwenye mbuzi. Mie anipe yale maji ya somo."